Vinyago vya Bunda na Ubao wa Masatu

Vijana wangu, mlinikabidhi daftari siku ile mliponiaga pale karakana, mkasema, "Fundi Bwire, andika, usije ukaondoka na mambo yote kichwani." Basi naandika, kwa penseli bapa ya useremala, maana kalamu ya wino inanichosha vidole. Nakaa hapa Bweri, mgongo unauma, na jirani anajenga, kwa hiyo kutwa nasikia mtu anapiga msumari vibaya na siwezi kwenda kumsema. Habari za vyeo na malipo siziandiki. Vyeo havikuwepo, na malipo mnayajua wenyewe.

Nitaandika habari ya ubao mmoja na kinyago kimoja. Mliniulizaga kwa nini vinyago vyangu vyote vina shimo nyuma wakati mtalii anakwenda kuvitundika ukutani tu. Niliwajibu kwa mkato, mkadhani ni ukali wa uzee. Ukali ulikuwepo, ndiyo, lakini kulikuwa na sababu.

Kazi niliianzia Musoma, mtaa wa Mukendo, karakana ya ushirika, miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na misumari haikuwa na foleni kwa sababu haikuwepo kabisa. Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa shati safi nikitegemea kupewa randa. Nilipewa debe la misumari iliyopinda, imeng'olewa kwenye makreti, na jiwe, na nyundo isiyo na mpini mzuri. Nilinyoosha misumari siku tisa. Siku ya kumi fundi mkuu, Mzee Ramadhani, aliupitisha mmoja kwenye ganda la ukucha wake, akaguna, akasema, "Sasa unaweza kushika mbao." Alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Ujiji aliyezaliwa pale pale Musoma, mtu mfupi, sauti ya chini, na hakuwahi kunipiga. Afadhali angenipiga, maana akikasirika alikuwa ananyamaza.

Kazi yetu kubwa ilikuwa majeneza. Vitanda na meza watu walivumilia bila, lakini kifo hakisubiri kibali cha mbao. Ndugu wa marehemu walikuja na kamba yenye mafundo mawili, fundo la utosini na fundo la kisiginoni, tukaitandaza kwenye meza tukajua urefu. Mzee Ramadhani hakuruhusu kamba ile itupwe. Ilirudi kwa wenyewe, ikaingia kaburini pamoja na mtu wake.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mzee Ramadhani alikuwa Mwanza, wiki ya pili, anafuatilia kibali cha mbao ofisi hadi ofisi. Wakaja watu watatu kutoka vijiji vya rasi, wavuvi. Ndugu yao Masatu alipotea ziwani na mtumbwi ukaonekana peke yake. Walikuwa wametafuta mpaka wazee wakasema basi. Ukoo wao mtu asipopatikana hukatwa mgomba wa urefu wake, ukavalishwa shati lake, ukafungwa sanda, ukalazwa jenezani na kuzikwa kama mtu, kwa kilio kamili na matanga kamili. Asipozikwa hivyo, mke anabaki si mjane wala si mke, na watoto wanabaki wanatazama ziwa. Kamba yao ya mafundo walikuwa wameipima kwenye suruali yake.

Mbao zilikuwa zimebaki tano za mvule, pana, nzuri ajabu. Nikapiga hesabu zangu za kijinga. Nikajiambia, mgomba si mtu, hauna mgongo wa kuuma. Nikatumia mbao nne kwa pande na kifuniko, na chini nikaweka maboksi ya sabuni mawili mawili, nikayapigilia na kuyapaka rangi ya kahawia. Ubao mmoja nikauweka pembeni. Kwa macho lilikuwa jeneza zuri. Wakashukuru, wakalipakia, na mimi nikaenda nao kuzika, tena nimekaa mbele najisikia fundi.

Mgomba mbichi una maji. Wenyewe mnajua, ila mimi siku ile sikujua. Walipolibeba kutoka nyumbani kwenda kaburini, katikati ya uwanja, watu wote wanaimba, maboksi yalilowa yakaachia. Shati la Masatu likatoka chini na mgomba ndani yake, ukaanguka mavumbini, sanda ikafunguka. Wimbo ulikatika. Mkewe, Nyangeta, msichana tu wa watoto wawili, alitazama chini, kisha akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hata huku nchi kavu mmemwangusha."

Sikumbuki niliondokaje. Nakumbuka kwamba nilikimbia, na nilikimbia kabla sijaona walifanya nini baadaye.

Mzee Ramadhani aliporudi alikuta habari imemtangulia. Alinyamaza siku nzima. Jioni aliuchukua ule ubao wa tano, akauandika kwa penseli kwenye ncha, MASATU, akanikabidhi. "Ulitengeneza kitu cha kutazamwa," akasema. "Hukumtengenezea mtu. Huu ubao ni wake, usiutumie kwa kitu kingine. Siku ukiwa mwanaume utampelekea mwenyewe." Nikamjibu, "Ndiyo, mzee." Nikauweka chini ya kitanda changu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kwenda kwa Nyangeta na ubao mkononi niliona ni afadhali kufa.

Miaka ikapita juu ya kitanda kile. Mzee Ramadhani akafa, nikamtengenezea jeneza la kumpeleka makaburini, ingawa yeye alishushwa kwa sanda tu kama dini yake inavyotaka. Ushirika ukafa pia, pole pole, kwanza mashine, halafu mwenyekiti akahama, mwisho mlango. Halafu mambo yakawa ruksa. Mitumba ikajaa, misumari ikajaa mpaka ya Kichina inayopinda ukiitazama, na mimi nikahamia Bunda, pale barabarani mnapopajua, kwa Mama Zuhura. Ubao nilihama nao. Dereva wa lori aliniuliza kama ni wa kitanda, nikasema eeh.

Mama Zuhura alikuwa mfanyabiashara mwenye macho manne. Aliona magari ya watalii yanayokwenda Serengeti yanasimama kununua soda, akasema wakisimama lazima waone kitu. Akaja na ukurasa uliochanwa kwenye kalenda, una picha ya kinyago. "Fundi, Wazungu wanavipenda hivi. Tengeneza." Ulikuwa uso mrefu, macho mashimo ya pembe nne, na juu yake mti uliosimama wenye mikono miwili ya kukingama, wa juu umeinua ncha zake na wa chini umeinamisha. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kifaransa ambayo hakuna aliyeyasoma. Sisi tulikiita Antena, maana ndio kwanza antena za televisheni zilikuwa zinaota juu ya mabati ya Bunda.

Nilichonga Antena mpaka mikono ikawa inachonga yenyewe. Picha ilionyesha mbele tu, kwa hiyo nyuma niliacha bapa, nikaweka kitanzi cha waya. Tuliipaka rangi ya viatu, tukaianika uani juu ya wigo, ikafanana na ya kale. Mama Zuhura aliwaambia wageni ni ya kabila la zamani la hapa hapa Mara. Mimi nilikuwa nainama kutafuta patasi ambayo haijapotea.

Mchana mmoja Antena kumi na mbili zilikuwa juani. Akapita mtu mrefu, mweusi sana, kanzu fupi, anatoka posta. Tulimjua kwa sura. Alikuwa mmoja wa wale wanunuzi wa dhahabu wa Buhemba tuliowaita wote Wasenegali, hata kama huyu alikuwa wa Mali na alishachoka kusema hivyo. Jina lake Ambara. Alisimama mbele ya wigo. Akavua kofia. Alikaa hivyo mpaka nikaacha kazi.

"Pole sana, fundi," akasema. "Amekufa nani?"

"Hajafa mtu, kaka."

Akahesabu kwa kidole. "Vimetoka vyote hivi, na hakuna amekufa?"

Nikamwambia ni vya kuuza. Akaomba kushika kimoja. Akakigeuza nyuma. Akapapasa ule ubapa, akapapasa waya, akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia asiyoijua.

"Kichwa kinaingia wapi?"

"Hakiingii," nikasema, tena nacheka. "Kinakaa ukutani."

"Hiki hakina mtu," akasema. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, kisha akakaa kwenye gogo langu akaanza kulia. Jamani. Mtu mzima, mchana, barabarani.

Nilimletea maji. Kiswahili chake kilikuwa cha machimboni, cha kuokoteza, lakini kilitosha. Shimo la wachimbaji wadogo lilikuwa limeporomoka kule Buhemba, na mdogo wake alikuwa ndani. Mvua ikaja, maji yakajaa, na hawakumtoa. Siku hiyo Ambara alikuwa ametoka kumpigia simu baba yao, laini ikakatika kabla hajasema neno lenyewe, na hakuwa na nguvu ya kurudia. Kwao, kabila la Wadogoni huko Mali, akasema, mtu akifa anazikwa kwanza. Baadaye, siku ikipangwa, wanaume wanatoka na vinyago. Wanapanda hadi juu ya dari la nyumba yake, wanacheza, wanashuka, wanacheza uwanjani mbele ya watu wote, ili roho ione kwamba imeruhusiwa kwenda kwa wazee. Vinyago visipotoka, marehemu haondoki, anabaki nyumbani.

"Mdogo wangu yuko chumbani kwangu," akasema. "Buhemba. Nasikia anageuka kwenye mkeka. Sisi tunaswali, fundi, mimi naswali kila siku, lakini yeye hajaondoka. Na mimi silali."

Kusema kweli, wakati anaongea mimi nilikuwa namwona Nyangeta. Nikageuka nikatazama zile kumi na mbili kwenye wigo. Nikasikia Mzee Ramadhani ananyamaza.

"Nitakuchongea kimoja kizuri," nikasema. "Chenye nafasi ya kichwa. Kesho kutwa kiko tayari."

Akatikisa kichwa. Kinyago cha msiba hakinunuliwi wala hakichongwi na mtu wa nje. Anakichonga mwenyewe aliyefunzwa, na wanawake hawakioni kikiwa kinachongwa. Alichoomba ni gogo la mti mwepesi, tezo, na mahali pa kujificha.

Hapo ndipo penye kazi, maana karakana ni ya mwanamke. Mama Zuhura alipokuta tumezungushia magunia nyuma ya banda, alipaza sauti hadi stendi. "Weee Bwire! Kwenye uwanja wangu mwenyewe nikatazwe kuchungulia? Mmefungua benki?" Nikamweleza. Alisimama mikono kiunoni, akatazama magunia, akatazama vinyago vyake wigoni ambavyo alikuwa amevishika na kuvifuta vumbi kila siku. "Kwa hiyo mimi mwenzenu nimekuwa nauza msiba wa watu," akasema. "Haya. Mfiwa ni mfiwa. Siku tatu tu. Na kikibaki nataka niuze hicho, maana kitakuwa cha kweli." Alikuwa Mama Zuhura mpaka mwisho.

Gogo lilikuwa la mkuyu. Ambara hakuwa mchongaji. Alifunzwa ujanani, akakimbilia dhahabu, mkono ukasahau. Mimi niliyechonga Antena zisizo na idadi nilikaa mbele yake kama mwanafunzi, kazi yangu kunoa tezo na kunyamaza. Siku ya kwanza alichimba nyuma tu, kabla hata ya kugusa uso. Alipima kwa kamba aliyoizungusha kwenye kichwa chake. Ndani alikiacha kijiti cha kukingama, akakisawazisha, akakiuma kwa meno, akakitoa, akakipunguza, akakiuma tena. Nikauliza ni cha nini. Akasema mchezaji anainama mpaka ncha ya juu inakwangua ardhi, mikono iko wazi, kwa hiyo kinyago unakishika kwa meno. Picha ya kalenda haikuniambia hilo.

Mkono mmoja wa juu ulikuwa umekaa upande. Niliumia kuutazama. Nikasema, "Niletee ninyooshe kidogo tu." Akasema, "Acha." Nikaacha, lakini sikulala vizuri, fundi ni fundi. Nyeupe alitumia chokaa, nyeusi mkaa, nyekundu udongo. Sketi ya kuvaa pamoja na kinyago alifuma kwa katani, akaichovya kwenye udongo ule ule.

Tukaenda Buhemba kwa lori kupitia Butiama, kinyago kimefungwa gunia tumekipakata kwa zamu. Shimo lilikuwa bwawa la maji ya tope, kingo zimeanguka. Wachimbaji walikusanyika kwa mbali. Ambara alipotoka nyuma ya kichuguu amekivaa, wawili watatu walicheka. Mimi mwenyewe nilitaka kucheka, nisiwadanganye. Halafu aliinama, akauzungusha mwili kutoka kiunoni, na ncha ya juu ikachora nusu duara kwenye mchanga ukingoni mwa lile shimo, krrr. Kicheko kikaisha.

Alicheza peke yake kitu kinachotakiwa kuchezwa na ukoo mzima. Hakukuwa na ngoma wala wimbo, na kinywa chake kilikuwa kimeuma kijiti, tulisikia pumzi tu. Mchimbaji mmoja, Mkurya mwenye kidonda mguuni, akageuza karai akaanza kulipiga, mwingine akafuata na dumu. Hawakuujua mdundo wa kwao, lakini walikuwa wamefanya kazi na yule kijana aliyekuwa chini. Ambara alijikwaa mara moja, ule mkono uliokaa upande ukavunjika ncha, akaendelea. Kile nilichokiona si kile nilichokuwa nachonga. Uso ule ule, macho yale yale ya pembe nne, ila safari hii kulikuwa na mtu ndani anahema.

Alipomaliza alikitoa. Meno yalikuwa yanavuja damu. Akakiingiza kwenye mwanya wa jiwe, mbali na njia, akakiacha pale. "Kimemaliza kazi," akasema. Nilikumbuka agizo la Mama Zuhura, nikatazama ule mwanya, nikageuka. Tulipofika chumbani kwake alisimama mlangoni akasikiliza, muda mrefu. Kisha akaingia, akajilaza kwenye mkeka bila hata kuvua viatu, na usingizi ukamchukua saa nane mchana, watu wanapiga kelele nje. Nilimwekea maji karibu nikaondoka. Mwezi uliofuata alirudi kwao, na barua hakuniandikia, na sikuitegemea.

Wiki ile ile nilivuta ubao chini ya kitanda. Nikaufunga kwenye baiskeli, nikapanda gari hadi Musoma, kisha nikakanyaga kwenda rasini. Nilikuwa na mvi tayari. Nyangeta alikuwa anaanua dagaa. Alikuwa amekonda, kitambaa kichwani, na alinitambua kabla sijashuka.

"Wewe ndiye wa maboksi," akasema.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, lakini shikamoo ilinitoka yenyewe. Hakuiitikia. Nikafungua kamba, nikamwonyesha jina kwenye ncha. Nikamweleza yote, ubao wa tano, uchoyo wangu, hofu yangu. Nikasema nimeuleta tumchimbie Masatu upya kama wakitaka, nifanye jeneza halali.

Akaendelea kuanua dagaa mpaka uchaga ukaisha.

"Ulikimbia mapema," akasema. "Shemeji zangu walimwokota. Walimfuta vumbi, wakambeba mikononi mpaka kaburini, kama anavyobebwa mtu aliyelala. Mimi nilishika miguu. Ziwa lilikuwa limeninyima nimshike. Siku ile nilimshika." Akakung'uta mikono. "Nilikuchukia miaka mingi, fundi. Nilikuwa nakuchukiaga hasa nikiona sabuni. Lakini Masatu alizikwa. Asifukuliwe."

Nikauliza, "Sasa ubao niufanyeje?"

Akapita ndani, akatoka na uzi wa nyavu. Akasimama wima mgongo kwenye nguzo ya uchaga, akaniamuru nifunge fundo la utosini, yeye mwenyewe akainama akafunga la kisiginoni. "Kaa nao. Ukisikia nimekufa, uje nao. Na uje mwenyewe, usimtume mtu."

Tangu hapo kila Antena niliyochonga niliitoboa nyuma, nafasi ya kichwa na kijiti cha meno, na Mama Zuhura akalalamika kwamba napoteza muda wake, na ninyi mkacheka. Ule uzi niliuweka ndani ya kopo la misumari.

Nyangeta alikufa mwaka huu, kabla mvua hazijaanza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho, ile mliyoniona naifanya peke yangu nimefunga mlango. Nilitandaza uzi wake juu ya ubao wa Masatu. Ubao ulimzidi kwa shibiri nzima, maana ulikatwa kwa urefu wa mwanaume. Nilishika msumeno, nikauweka chini. Nikalirefusha jeneza ili ubao ukae chini ukiwa mzima.

Uwanjani wajukuu zake walilizunguka, mmoja akauliza, "Babu, bibi alikuwa mfupi, mbona refu hivi?"

Nikainama nikapitisha mkono chini, nikaugonga ubao ausikie. "Bebeni," nikawaambia. Nikashika upande wa miguu.